Mwaka wa Hesabu za Uji

Siku tuliyomzika Lea chakula kilichelewa, na vijana wakikaa na njaa bila kazi huanza kubishana. Nilikuwa nimepewa kiti kizuri chini ya hema, pale nyumbani kwake Kimumu, na nyuma yangu wajukuu zake walikuwa wameinamia simu moja. Mtu fulani alikuwa amewatumia hesabu fupi: nane, toa tatu, jumlisha mbili. Mmoja akasema jibu ni saba. Mwingine akasema ni tatu. Wa tatu, ambaye naambiwa yuko chuo kikuu anasomea uinjinia, akaapa kwamba ni tatu, maana kujumlisha lazima kutangulie kutoa, "na hiyo rule haibadiliki, hata uende wapi." Hatimaye Chebet, msichana mwenye macho yale yale ya Lea, akanigusa bega. "Kogo," akaniita, kama anavyoitwa nyanya kwao Wanandi, "si wewe na kogo yetu mlikuwa walimu? Tuambie nani ako right." Nikamwambia ni saba, na kwamba nyanya yake akiisikia hiyo tatu atafufuka aje kuwachapa. Walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikalia, mara ya kwanza tangu nilipopigiwa simu ya msiba. Wale watoto hawakujua kwamba hesabu ya namna hiyo hiyo, yenye mtego huo huo, ndiyo iliyoamua mimi na Lea tungekuwa watu gani. Yeye ndiye aliyezoea kuisimulia. Sasa imebaki kwangu.

Watu wakiandika maisha yao huanza na babu na boma. Mimi nitaanza jikoni. Jikoni kwa Mama Dorka kulikuwa nyuma ya nyumba ya mumewe, Mzee Paulo, mzee wa kanisa, karibu na reli, mahali ambapo treni ikipita vikombe vililia ukutani. Paa lilikuwa la madebe yaliyopondwa yakanyooshwa, na kuta zilikuwa za udongo uliopakwa vizuri kwa mikono ya mwenyewe. Mimi na Lea, tuliowekwa kwake ili tuwe karibu na shule, tulilala chumba cha pembeni, kati ya magunia ya mahindi, na tuligombania upande wa ukuta uliokaribiana na meko kwa sababu ulibaki na joto. Asiyeijua baridi ya Sisibo asinicheke. Sisibo ndilo jina tulilouita mji siku hizo. Kabla haujawa mji ulikuwa shamba la mzungu, namba sitini na nne, na ndimi zetu ziliichukua hiyo namba kwa Kiingereza zikaivunjavunja mpaka ikatosha mdomoni. Yaani tulikaa ndani ya namba, wala hatukuona ajabu. Lea alikuwa Mnandi, mrefu, mwenye maneno machache yaliyokata. Alifika na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyolala kwenye mkaa, akakitundika kwenye msumari na wiki nzima hakunionjesha. "Nyinyi Waluhya endeleeni na kuku wenu," aliniambia. Siku aliponimiminia kikombe cha kwanza nilijua nimepata dada.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, na wasichana wa Darasa la Nne tulikuwa wachache kiasi cha kutosha benchi moja. Nasema benchi moja kwa sababu ndilo tulilokuwa nalo, zito, la mbao ya msonobari, lenye kijiti kilichochomoza upande wangu na kunichania sketi. Wavulana wa darasa hilo hilo walikuwa wengi, wakawa na chumba chao na Mwalimu Zakayo, na ilijulikana kwamba mwaka uliofuata angepanda nao hadi la Tano. Sisi tulikuwa na Mwalimu Yunia. Alikuwa mwanamke mfupi, msafi kupita kiasi, aliyevaa sweta moja la kijani mwaka mzima na asionekane na doa. Kila asubuhi kabla ya uji wa saa nne aliandika hesabu moja ubaoni, fupi, isiyozidi mstari mmoja, na hakuna aliyegusa kikombe kabla ya kuandika jibu kwenye sleti yake, kile kibao cheusi cha kuandikia. Tuliziita hesabu za uji. Zilionekana za kitoto, namba ndogo ndogo ambazo mtu angezihesabu kwa vidole, lakini kila moja ilikuwa na mahali pa kuteleza. Uji wa wimbi ukipoa hutengeneza ngozi juu, na mwanzoni mwa mwaka ule nilikunywa ngozi nyingi.

Mwezi wa mvua kubwa tulisikia jambo ambalo hatukutakiwa kulisikia. Mimi na Lea tulikuwa tumekaa chini ya dirisha la sebule ya Mama Dorka tukimenya viazi, na ndani wakubwa walikuwa wanakunywa chai: mzungu wa misheni, Mzee Paulo, Mwalimu Zakayo na Mwalimu Yunia. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vya kushona maua, kama ilivyokuwa kila mzungu alipokuja. Mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "Hii wasichana nasoma ya kutosha. Sasa kushona, kupika, kwisha." Mzee Paulo akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Ni kweli, Bwana. Na msichana akisoma sana, nani atamuoa?" Nilisikia kikombe kikiwekwa chini kwa nguvu kidogo, na nikajua ni cha Mwalimu Yunia. "Mzee, mimi nimesoma na nimeolewa," akasema. "Siombi muwapendelee. Wapimeni. Muwape hesabu zile zile za wavulana, siku moja, ubao mmoja. Wakishindwa nitanyamaza." Kisha Mwalimu Zakayo akasema, bila ubaya wowote, "Kwangu la Tano kuna nafasi ya benchi moja. Wakiwafikia vijana wangu, walete hilo benchi lao. Wakikosa, lipelekwe nyumba ya kushona." Mzungu akacheka, akakubali. Basi maisha yetu yakafungwa kwenye benchi. Kwa wengine huenda nyumba ya kushona ilikuwa sawa tu, lakini mimi nilijua kilichoningoja: mzungu wa shamba tulilotoka alikuwa ameshaniomba niwe yaya wa watoto wake, na nyumbani walikuwa wamesema ndiyo, iwapo masomo yataisha. Lea aliendelea kumenya, ganda refu lisilokatika. "Wewe utaenda kuosha nepi za mzungu?" akaniuliza. Nikasema hapana. "Basi umenye viazi haraka, twende tufanye hesabu."

Kusema ukweli nilikuwa mbaya wa hesabu zile. Namba nilizijua, jedwali la kuzidisha nililikariri mpaka kumi na mbili, lakini nilisoma kila hesabu kama ninavyosoma Injili, kutoka kushoto kwenda kulia, neno baada ya neno, bila kuuliza nani ni mkubwa kuliko nani. Dawa yangu niliipata siku mkaza mwana wa Mama Dorka alipojifungua. Wageni walikuja kumwona mtoto: majirani, watu wa kanisa, na wakwe, yaani upande wa yule mzazi, wakiongozwa na baba yake mdogo, mzee mkavu mwenye koti la kijeshi. Mwalimu Yunia naye alikuwepo. Mama Dorka alikuwa amechinja jogoo wake mkubwa, akanikabidhi mimi nipakue, kwa sababu Lea alikuwa anachota maji. Nikatazama mlangoni. Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu mmoja aliyefanya kazi relini, na alikuwa ameshakaa tangu saa nne. Nikaona haki ni aanze yeye. Nikampakulia sahani nzuri, na juu yake nikaweka firigisi, kile kipande kigumu cha tumboni mwa kuku. Kwa Waluhya hicho kipande si nyama tu. Ni cha mwenye nyumba au mgeni wake mkubwa, na mwanamke hakigusi. Yule jirani, maskini, alikitazama kana kwamba nimempakulia nyoka. Mkwe mwenye koti akaweka mikono magotini. Mama Dorka alitokea jikoni na kuona. "Wewe Rebeka! Wakwe wamekaa hapo na mikono mitupu na wewe unampatia jirani firigisi? Na yule mzazi huko chumbani amekula?" Hakuwa amekula. Nilikuwa nimemsahau kabisa, yeye ambaye sherehe yote ilikuwa yake. Ilibidi kuku mwingine achinjwe, akimbizwe kwanza kuzunguka nyumba na watoto wote wa mtaa, na mkwe hakufungua mdomo mpaka alipoona firigisi yake mwenyewe kwenye sahani yake mwenyewe. Lea aliporudi na maji akasikia habari, alicheka akashika ukuta. "Kale kakipande ndiko kameleta kelele yote hii?" Nilitaka ardhi ipasuke.

Kesho yake Mwalimu Yunia aliandika ubaoni: mbili, jumlisha tatu, zidisha nne. Benchi zima tukaandika ishirini, tukanyoosha mikono kuelekea uji. Hakutusogezea. Aliniita mbele. "Rebeka. Jana ulimpa nani chakula kwanza?" Wenzangu wakaanza kucheka, maana habari ilikuwa imefika kila jikoni. Nikajibu kwa sauti ndogo, "Jirani, Mwalimu." "Kwa nini?" "Alitangulia kufika." "Na ni nani walitakiwa wapewe?" "Wakwe." Akaupiga ubao kwa chaki pale palipokuwa na alama ya kuzidisha. "Huyu ni mkwe. Na kugawanya ni mkwe mwenzake. Hata wakija wamechelewa, hata wakikaa nyuma kabisa, wanapakuliwa kabla ya jirani. Kujumlisha na kutoa ni majirani. Sasa nipakulie vizuri." Nikaona. Sijui niseme vipi, lakini niliona, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Tatu zidisha nne ni kumi na mbili, huyo ameshakula. Jumlisha mbili, kumi na nne. Kisha akachora mabano kuzunguka mbili na tatu. "Na hii?" Lea akajibu kutoka kwenye benchi bila kuitwa: "Huyo ni mzazi yuko chumbani, Mwalimu. Analishwa kwanza." Mwalimu Yunia alikuwa hatabasamu ovyo, lakini siku hiyo alitabasamu. Akauliza swali la mwisho: "Majirani wawili wakija, mmoja ametangulia, mwingine amefuata, nani anapakuliwa kwanza?" Tukajibu wote, "Aliyetangulia!" "Kwa sababu yeye ni mkubwa?" "Hapana, Mwalimu. Wako sawa. Ametangulia tu." "Wakwe wawili je?" "Vile vile!" Akatupa uji. Ulikuwa bado unatoa moshi. Tangu siku ile mimi na Lea tulipika hesabu jikoni mchana kutwa, tukiulizana nani mkwe, nani jirani, nani yuko chumbani, huku tukikoroga mboga, mpaka Mama Dorka akawa anatufukuza na mwiko. "Hii nyumba imejaa wakwe nisiowajua," alilalamika. Nimefundisha maelfu ya watoto baadaye, na sijapata njia nyingine iliyo bora kuliko ile ya sweta la kijani.

Wavulana nao walikuwa na silaha yao. Mwalimu Zakayo alikuwa amechukua vipande vya mwanzo vya maneno, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akavishona pamoja kuwa neno moja, magazijuto, na vijana wake walilikariri wakilima shamba la shule, jembe juu, jembe chini, ma-ga-zi-ju-to. Lilikuwa tamu mdomoni hata wasichana wengine wa benchi letu wakaanza kuliimba. Mimi mwenyewe nililionea wivu. Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi, baada ya ngano kuvunwa, ndani ya kanisa kwa sababu ndicho chumba pekee kilichotutosha sote. Asubuhi ile Mama Dorka alitupa viazi vitamu na chai ya maziwa mengi, akatukagua shingo na masikio kama tunaenda kuolewa. Mzungu alikaa mbele na Mzee Paulo. Walimu wawili walipokezana kuandika hesabu, na sharti lilikuwa kwamba hakuna mwalimu kusema neno mpaka majibu yatolewe; kila upande ulitoa jibu moja tu, kwenye sleti moja. Kwetu mwandishi nilikuwa mimi. Nilishika ile kalamu ya jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Hesabu zikaja, sisi tukapata, wavulana wakapata. Tukakosa moja, nao wakakosa moja. Na ilipofika ya mwisho tulikuwa tumelingana. Mwalimu Zakayo aliiandika kwa mwandiko wake mzuri: mia, toa, ndani ya mabano nne jumlisha mbili, zidisha tano, toa kumi, jumlisha nne. Nikasikia benchi zima likivuta pumzi.

Nikapakua. Mzazi chumbani: nne na mbili, sita. Mkwe: sita zidisha tano, thelathini. Wamebaki majirani, kwa zamu zao: mia toa thelathini, sabini, toa kumi, sitini, jumlisha nne. Nikaandika 64, na jina la mji wetu likanitazama kutoka kwenye sleti. Wakati ule ule wavulana wakapiga kelele kwa pamoja, "Hamsini na sita!" Wote, bila hata mmoja kusita. Msichana aliyekaa kushoto kwangu akanivuta mkono. "Futa, Rebeka. Andika hamsini na sita. Ju inakuja kabla ya to. Wale wako wengi, hawawezi kukosa wote." Mwingine akaanza kulia kimya kimya. Nakumbuka kitambaa cha kufutia kikiwa mkononi mwangu, kimelowa. Nilijua nikikosea sitalipeleka benchi peke yangu kwenye nyumba ya kushona. Nitawapeleka wote, kisha mimi nitaendelea mbele zaidi, mpaka kwenye nepi za mzungu. Nikamtazama Lea mwisho wa benchi. Alinyoosha vidole viwili, kimoja kikafuata kingine, kama watu wanaoingia mlangoni. Nikainua sleti juu kadiri mkono ulivyofika. Najivunia mambo mengi niliyoyafanya baadaye, watoto niliowasomesha, kiwanja nilichonunua kwa jina langu, lakini hakuna ninalojivunia kuliko mkono ule ulioinuliwa.

Mwalimu Zakayo alisoma sleti yetu, akatikisa kichwa kwa huzuni. Hakufurahi, nitamtetea kwa hilo. "Wasichana mmekosa," akasema. "Kujumlisha kunatangulia kutoa. Kumi jumlisha nne, kumi na nne, hiyo inatoka kwenye sabini. Ni hamsini na sita." Mzungu alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. Mwalimu Yunia alikuwa amekaa wima, midomo imefungwa na ahadi yake mwenyewe kwamba tukishindwa atanyamaza, lakini mikono yake ilikuwa inafinyanga ncha ya sweta. Ndipo Lea akasimama. Msichana kusimama mbele ya wazee bila kuitwa halikuwa jambo dogo. Hakumwambia Mwalimu Zakayo. Alimgeukia Mzee Paulo, ambaye kila mtu alijua anapenda kondoo wake karibu kuliko mahubiri. "Mzee, samahani. Naomba kuuliza kitu ya kondoo." Mzee Paulo akashtuka. "Uliza." "Mzee uko na kondoo sabini. Asubuhi unauzia kaburu kumi. Jioni wanazaliwa wanne. Usiku ukifunga boma, uko nao wangapi?" Mzee hakuhitaji sleti. Alifumba jicho moja. "Sitini na nne." "Sio hamsini na sita?" "Hamsini na sita vipi? Hao wanane wameenda wapi?" Lea akaonyesha ubao kwa adabu, kwa mkono mzima, si kwa kidole. "Ndiyo hiyo, Mzee. Hesabu inasema toa kumi, halafu jumlisha nne. Hapo wameunganisha kumi na nne wakatoa wote. Wameuza hata wale wamezaliwa."

Kanisa zima likacheka, hata wavulana. Mzee Paulo akacheka zaidi ya wote, akimpiga mzungu begani pasipo kukumbuka ni nani. Mwalimu Zakayo hakucheka mara moja. Aliusogelea ubao, akaifanya upya polepole, akisema kila hatua kwa midomo, na alipofika mwisho akaiweka chaki chini. Angeweza kukasirika, alikuwa mwalimu, na neno lile lilikuwa lake. Badala yake aligeuka akawaambia vijana wake, "Futeni. Neno ni zuri, lakini mimi nimewapa bila kuwaambia kwamba hao wawili wa mwisho wako sawa. Makosa yangu." Kisha akatutazama sisi. "Kwani nyinyi mnangoja nini? Leteni benchi." Mwaka uliofuata alitufundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote wa kiume niliyempata, na magazijuto alilifundisha na kiraka chake. Tulilibeba lile benchi wenyewe, tukikataa msaada wa wavulana, kupitia uwanja wenye matope, likitugonga miguu, kijiti chake kikinichania sketi kwa mara ya mwisho ya mwaka. Wavulana walikuwa wameacha nafasi nyuma. Lea akasema nyuma hatuoni ubao. Tukaliweka mbele kabisa, na hakuna aliyetuambia tuliondoe. Mwalimu Yunia alisimama mlangoni akilitazama. Akasema tu, "Nyoosheni, limekaa upande," kisha akaenda nyuma ya darasa, na tukamsikia akipenga kamasi.

Jioni ile Mama Dorka alichinja kuku bila mgeni yeyote wa heshima kuja, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika nyumba ile. Tulikaa jikoni mimi na Lea, mvuke umejaa mpaka madebe ya paa yanadondosha maji, ugali umeiva, na sebuleni Mzee Paulo alikuwa anasimulia kwa mara nyingine habari za kondoo zake kwa jirani wa relini, kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Mama Dorka akaopoa nyama, kipande kwa kipande, mapaja ya sebuleni huku, mabawa huku. Akafika kwenye firigisi. Aliishika kwenye mwiko, akaitazama, akatutazama. Kisha akachukua kisu, akaiweka kwenye ubao wa kukatia mboga, akaikata katikati. Nusu akaitia kwenye bakuli langu, nusu kwenye bakuli la Lea. Niliogopa hata kuigusa. "Kuleni," akasema, "kabla sijabadilisha roho." Lea hakungoja kuambiwa mara ya pili. Mimi nilitafuna yangu polepole. Ilikuwa ngumu, ya chumvi, na sijala kitu kitamu kama kile tangu siku hiyo. Sahani zikaenda sebuleni. Baada ya kitambo sauti ya Mzee Paulo ikaja kupitia mlangoni, ikitafuta. "Mama Dorka, hii kuku haina firigisi?"

"Ilikuwa nayo, Mzee," Mama Dorka akajibu, akipangusa kisu kwenye kanga. "Imeshagawanywa. Kwani hukuwasikia wasichana? Kugawanya kunatangulia."